Rimu ya Nne

Jumatatu, 1 Septemba

Nimepiga pampu tena. Mara ya tatu tangu Ijumaa. Tairi la mbele kushoto. Jana lilikuwa gumu, leo asubuhi limekalia chini. Kalekye amesimama mlango wa jikoni akinitazama nikihema. Mke wangu akinyamaza hivyo najua anasema nini: uza hilo gari.

Siuzi. Nililinunua binti yetu Mwende akiwa darasa la pili, nikifundisha Tawa. Walimu wenye gari tulikuwa wawili tu, mimi na mwalimu mkuu, na lake lilikuwa pikapu ya kubeba mahindi. Langu lilikuja na rimu zake za aloi, za miguu mitano kama nyota. Wazazi wakija mkutano walikuwa wanasimama kuziangalia. Sasa zimeota ukurutu mweupe na ukingo umelika, ndiyo maana upepo unatoka. Mimi pia nimelika. Miaka mitatu tangu nistaafu nirudi hapa shambani, na hakuna anayesimama kuangalia chochote changu.

Nimemwagilia bamia. Mpira wa maji umetoboka katikati. Kila kitu hapa kinavuja.

Jumatano, 3 Septemba

Kibwezi, kwa Abdi. Karakana yake iko nyuma ya maduka ya barabara kuu. Baba yake alitoka Garissa na malori, Abdi mwenyewe alizaliwa hapa, na Kikamba chake ni safi kuliko cha wapwa zangu wa Nairobi. Kazi yake ni rimu tu. Madereva wa masafa wanamletea zilizopinda, anazinyoosha.

Zangu amezifunga moja moja kwenye mashine akazungusha. Tatu amesema zitanyooka. Atazisafisha, apige msasa, apake rangi, zitakuwa kama siku nililipokea gari. Ya nne ameitazama kwa muda. Akaipaka mafuta taa upande wa ndani, akaifuta kabisa, akapaka unga wa chaki. Tukangoja. Chaki! Miaka thelathini na minne nimeishika na sikujua ina kazi hiyo. Mstari mweusi ukajitokeza polepole kwenye weupe. Umeanzia ukingoni ukaingia mpaka kwenye shina la mguu mmoja.

"Mwalimu, hii siiwekei moto," akasema. "Ufa wa ukingoni ningechomelea. Huu umeingia mguuni. Ukichoma hapa aloi inalainika. Itakaa, itakaa, halafu siku moja iachie."

Nikamwuliza kama hakuna fundi anayeweza.

"Fundi wa kuchoma hakosekani," akasema.

Nimemwachia tatu. Ya nne nimerudi nayo kwenye buti. Nyuma nimefunga za chuma za kuazima kwake, na mbele kulia pia. Kushoto spea. Gari linaonekana kama mzee aliyevaa viatu vya watu.

Ijumaa, 5 Septemba

Mwende amepiga simu kutoka Kitui. Mama yake amemwambia habari za rimu. Siku hizi hakuna neno linalolala ndani ya nyumba hii. Anasema Kyalo ana seti mpya dukani, kopi ya zile zangu, miguu mitano hivyohivyo, anataka kuniletea. Bure.

Nimesema nitafikiria. Sifikirii.

Niandike wazi maana hapa hakuna anayesoma. Simpendi Kyalo. Ni mume wa binti yangu miaka sita na simpendi. Alikuwa mwanafunzi wangu Tawa. Darasa la sita. Mzito wa hesabu, alikuwa anakuja na mikono ina grisi kwa sababu mjomba wake alikuwa na posho mill, kinu cha kusaga mahindi. Nilimwambia maneno fulani siku moja. Walimu wote walikuwa wanasema maneno. Hakumaliza la saba. Sasa ana duka la tairi na rimu Kitui, lina kioo mbele, na binti yangu ana cherehani nne mlango wa pili kwa sababu yeye ndiye alimwekea.

Na bado ananiita Mwalimu. Hajawahi kuniita Baba. Sijui kama ni heshima au ni kunikumbusha.

Jumapili, 7 Septemba

Wamekuja baada ya kanisa. Kalekye alikuwa amepika muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, na kuku, kumbe alijua. Kyalo ameshusha rimu nne kutoka pikapu, akazipanga juu ya gunia uani. Zinang'aa. Majirani wawili wakakaribia ua.

Ametueleza kama darasa. Kuna kopi na kopi, anasema. Akaigeuza moja akanionyesha maandishi ya nyuma, uzito inaoweza kubeba. Kopi isiyo na maandishi hayo haiuzi hata kwa adui, kwa sababu aloi yake ni ya takataka. Akaonyesha tundu la katikati, kwamba lisipokaa sawasawa kwenye gari usukani unatetemeka. Alitaka nipitishe kidole nihisi. Mikono yangu ilikuwa mfukoni. Niliiacha mfukoni.

Nikamwambia nanyoosha zangu. Za asili. Kopi ni kopi.

Hakukasirika. Hilo ndilo linaniudhi, hakasiriki. Akasema, "Hata mimi, Mwalimu, ya asili ikinyooka ningechukua hiyo. Zote nne ziko sawa?"

"Zote nne."

"Hakuna yenye ufa?"

"Hakuna."

Lilitoka lenyewe. Kalekye alikuwa hapo, Mwende alikuwa hapo, majirani walikuwa hapo. Ningesema nini? Kwamba ameniuliza swali moja na amenishika?

Akazirudisha kwenye pikapu moja moja. Akasema atazihifadhi, kama nitabadilisha nia. Mwende hakuniaga vizuri.

Alhamisi, 11 Septemba

Tatu ziko tayari. Abdi ni fundi. Kijivu cha fedha, ukingo umenyooka, hata nembo ya katikati ameirudishia. Nimezishika kama mtu anashika mtoto.

Anasema ameulizia ya nne Mombasa, kwa watu wa mitumba. Huenda ikapatikana, ningoje wiki mbili au tatu. Kwa sasa nitembelee tatu na moja ya chuma. Gari halitakuwa na neno.

Gari halitakuwa na neno. Watu ndio watakuwa na neno. Tatu zinang'aa na moja nyeusi ya chuma, na nimeshasema zote nne.

Jumamosi, 13 Septemba

Kalamba, kwa kina Kalekye. Mazishi ya mjomba wake. Hotuba ndefu, wanasiasa wawili, chakula kimechelewa. Nilitoka kidogo nikasema naenda kununua maji sokoni.

Kuna jamaa pale anatengeneza mageti. Nilikuwa nimemwona wakati tukiingia. Nilimpa ile rimu ya nne. Aliipindua mara moja, akauliza nataka achome wapi, nikamwonyesha. Sikumwambia kitu kingine na yeye hakuuliza. Alichoma nikinywa soda kwenye kivuli cha duka. Haikuchukua muda wa soda mbili. Alisaga donge likawa laini, akapuliza rangi ya fedha. Ukisimama hatua moja nyuma huoni. Ukipitisha kidole unahisi.

Kalekye aliniuliza kwenye gari maji yako wapi. Nikasema yalikuwa yameisha. Akauliza harufu ya rangi ni ya nini. Nikasema kuna rimu nilikuwa nimewapa wamalizie rangi.

Mwanamume wa miaka sitini na tatu anadanganya kuhusu maji.

Jumanne, 16 Septemba

Zote nne zimefungwa. Nimezifunga mwenyewe, sikupeleka kwa Abdi. Zinapendeza. Nimeliosha gari, nikalipeleka mpaka posta na kurudi bila shughuli. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa amelizunguka akauliza kama nimenunua jingine. Nimecheka. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka barabarani.

Nimemtumia Mwende picha. Jibu limetoka kwa Kyalo, kwa simu ya Mwende. "Kazi nzuri Mwalimu."

Nimelisoma mara kadhaa nikitafuta dharau. Sijaipata. Nina hakika ipo.

Ijumaa, 19 Septemba

Tairi la mbele kushoto limepungua kidogo. Si kama zamani. Nimepiga pampu Kalekye akiwa kwa mkutano wa akina mama.

Kuna sauti nikikata kona ya kulia. Kama mtu anabofya kalamu. Nimezima redio nikaisikiliza mpaka nyumbani. Pengine ni jiwe kwenye tairi. Nimetafuta jiwe. Nimepata moja, nikalitoa, nikafurahi. Sijarudi barabarani kujaribu.

Jumanne, 23 Septemba

Mwende yuko hapa tangu juzi. Shule moja ya kanisa karibu na sisi imempa kazi ya yunifomu, amekuja kupima watoto. Ameenda na futi yake shingoni na daftari. Watoto wanamwita Madam. Nimesimama nje ya darasa nikimtazama akipima mabega, akiandika kwa mkono wa kushoto, haraka. Nilijaribu kumgeuza atumie wa kulia alipokuwa mdogo. Nilimfunga kitambaa. Alishinda yeye. Ndiyo mara pekee nilikubali kushindwa na mtoto.

Kyalo amepiga simu kwamba Alhamisi atakuja kumchukua. Nimemwambia asihangaike, nitamleta mwenyewe, gari liko sawa. Akasema sawa, Mwalimu.

Nilitaka kuegesha mbele ya kile kioo chake. Ni hilo tu.

Alhamisi, 25 Septemba

Tumeanguka. Mbele ya Ikutha. Mimi mzima. Mwende mkono. Naandika kwenye karatasi ya hospitali, Kitui, nitaibandika baadaye.

Ni mkono wa kushoto.

Ijumaa, 26 Septemba

Wamempasua asubuhi. Vyuma kwenye kiganja na kifundo. Daktari ni mpole, anaongea na ukuta.

Nitaandika ilivyokuwa. Tulivuka daraja la Athi tukiongea. Alikuwa ananieleza jinsi ya kukata kola ili kitambaa kisipotee. Barabara ni nzuri, lami mpya, nilikuwa nimekaza mwendo, si sana. Ile sauti ilianza baada ya Ikutha. Akauliza, "Baba, ni nini hicho kinagonga?" Nikasema ni jiwe.

Palikuwa na shimo. Dogo. La kuingia sufuria. Nililipita na gurudumu la kushoto na nikasikia mlio mmoja mkavu, kama ubao umevunjwa na goti. Usukani ukaniponyoka. Tuliingia mtaroni upande wake, gari likalala. Alikuwa ametoa mkono kujishikilia dirishani.

Hakupiga kelele. Alikuwa anasema mkono wangu, mkono wangu, kwa sauti ya chini, kama mtu anatafuta kitu amekiweka mahali.

Gurudumu lilikuwa limebaki kipande kwenye nati. Kipande kingine kilikuwa huko mbele kwenye nyasi na tairi lake. Nilikitazama. Nilijua kabla sijakitazama.

Afisa wa polisi aliuliza. Nikasema shimo. Akaandika shimo. Wachungaji wa mbuzi waliotusaidia wakasema hata juzi kuna mtu wa pikipiki aliangushwa na shimo hilo. Kalekye akafika na basi, nikamwambia shimo. Ni neno rahisi kusema.

Jumatatu, 29 Septemba

Kyalo alikwenda kulivuta gari. Nilijaribu kumwambia nitatafuta mtu. Alikuwa ameshaondoka.

Alirudi saa nane hospitalini. Alikuwa amenawa mikono lakini kucha zilikuwa nyeusi. Mimi na Kalekye tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya wadi. Alinitazama. Sekunde moja, mbili. Huyu ni mtu anayeshika rimu kila siku ya Mungu. Anajua donge la kuchoma likoje. Anajua chuma cha zamani kikivunjika kinakuwa na rangi gani na cha jana kina rangi gani. Nilingoja. Nilikuwa tayari, au nilijiambia niko tayari.

Akamgeukia Kalekye. "Lile shimo lilikuwa baya, Mama. Hapo mtu yeyote angeanguka."

Akaingia wadini kwa mke wake.

Nimemchukia leo kuliko siku zote. Angenipigia kelele ningejua pa kusimama. Sasa nimebebwa. Nimebebwa na Kyalo kama gunia.

Jumapili, 5 Oktoba

Nyumbani kwa siku mbili, kuangalia shamba. Kanisani nimesimamishwa mbele. Pasta amesema Mungu bado ana kazi na Mwalimu. Wameimba. Mama mmoja amelia. Mwenyekiti wa wazee ameomba kuhusu barabara zetu na wale wanaozijenga.

Nilishika maikrofoni nikasema asante. Nikasema Mungu ni mwema.

Bamia zimekauka mstari mzima. Sawa tu.

Jumatano, 8 Oktoba

Kitui. Wametoa bandeji ya kwanza. Vidole viwili havikunjiki. Kidogo na kinachofuata. Na gumba linatetemeka. Daktari anasema mazoezi, miezi, hawezi kuahidi. Mwende aliomba mkasi. Nesi akampa mdogo wa kukatia plasta. Alijaribu kuufungua na kuufunga. Ulianguka. Akajaribu tena, ukaanguka. Mara ya tatu akaurudisha mwenyewe kwa mkono wa kulia na akasema asante.

Nilitoka nikatembea mpaka dukani kwa Kyalo. Alikuwa peke yake, anapanga nati kwenye mikebe. Nilibaki nimesimama. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Ulitaka niseme nini, Mwalimu? Mbele ya nani?"

Nikasema mbele ya kila mtu. Nikasema alikuwa na haki.

Aliendelea na nati. Akaongea bila kuniangalia, na nitaandika alivyosema.

"Darasa la sita ulinisimamisha mbele ya watoto arobaini. Ukasema, muangalieni huyu vizuri, huyu atasukuma mkokoteni mpaka afe. Wakacheka. Mwende alikuwa darasa la nne, walisikia mpaka huko. Mimi najua mtu akisimamishwa hivyo anahisi nini. Siwezi kumfanyia mtu. Hata wewe."

Nilikuwa nimesahau ile ya mkokoteni. Kweli nilikuwa nimesahau. Yeye alikuwa nayo yote, neno kwa neno.

"Lakini Mwende ni mke wangu," akasema. "Siku tisa ananiuliza nimeona nini kwenye hilo gari, nami namwambia shimo. Sijawahi kumdanganya. Umwambie wewe. Ukishindwa nitamwambia, na sitaki."

Akanipa kiti. Nilikaa. Alileta chai kutoka ng'ambo ya barabara, yenye maziwa mengi, ninavyoipenda. Sijui nani alimwambia. Niliinywa yote. Iliniuma kuinywa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeenda wadini mara mbili. Sijamwambia. Mara ya kwanza alikuwa analala. Mara ya pili hakuwa analala.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemwambia.

Walimruhusu asubuhi. Nyumbani kwao, sebuleni, Kalekye akiwa amekaa upande wake. Kyalo alisimama mlangoni, kisha akatoka akafunga mlango.

Nilianzia kwa chaki. Kisha Kalamba. Kisha ile sauti. Nilijisikia nikiongea kama naandika ubaoni, hatua kwa hatua, na nikajichukia kwa hilo pia.

Mwende hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza maswali matatu.

"Abdi alikuambia itaachia?"

"Aliniambia."

"Na Kyalo alikuuliza kama ina ufa, mimi nikiwa hapo?"

"Aliniuliza."

"Na nilipokuuliza njiani ni nini kinagonga, ulikuwa unajua?"

Hapo nilitaka kusema sikuwa na hakika. Ingekuwa karibu na ukweli. Nikasema nilikuwa najua.

Aliuangalia mkono wake uliofungwa. Akasema, "Nenda nyumbani, Baba." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Kalekye hakuinuka. Nilimngoja mlangoni. Akasema atabaki amsaidie Mwende kuvaa na kuoga na kupika. Hakusema mpaka lini. Alisema, "Miaka arobaini nakufuata nyuma ukisema uko sahihi," kisha akaanza kukunja shuka.

Basi mpaka Kibwezi. Tulipita pale. Shimo limezibwa.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeenda kwa mwenyekiti wa wazee nikamweleza. Nikamwomba niseme Jumapili mbele ya kanisa. Ameniambia hakuna haja, Mwalimu, mambo ya familia yabaki nyumbani. Amenikatalia hata hilo. Au amenionea huruma. Huruma ya watu imekuwa nyingi mwezi huu.

Nilisimama hata hivyo, wakati wa ushuhuda... hapana. Bado sijasimama. Naandika kama nimeshafanya. Jumapili ni tarehe kumi na tisa.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimesimama. Nimesema. Halikuwa shimo. Watu wameangalia viatu vyao. Pasta akatangaza wimbo haraka.

Nje hakuna aliyenisalimia isipokuwa Abdi, ambaye hakuwa kanisani, alikuwa anapita na pikipiki. Habari zilikuwa bado hazijamfikia. Akaniambia rimu imepatikana Mombasa, safi, haina hata mkwaruzo, inakuja na lori la Jumanne. Alikuwa na furaha kwa ajili yangu. Nikamwambia ampe mtu mwingine.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua imenyesha wiki nzima. Nimepanda ndengu peke yangu, mistari haijanyooka.

Gari Kyalo aliliuza kwa watu wa vipuri, kwa ruhusa yangu. Sikuuliza limeenda wapi.

Ijumaa ndiyo siku yangu ya Kitui sasa. Hakuna aliyeniita. Wiki ya kwanza nilikaa kwenye benchi la wateja dukani kwa Mwende mpaka saa kumi, nikaondoka. Wiki ya pili Kalekye alinipa chakula. Leo kulikuwa na kazi nyingi, mashati ya ile shule ya kwetu yanatakiwa kabla ya kufunga. Mwende ameajiri wanawake wawili wa kushona, yeye anakata kwa mkono wa kulia, polepole, ulimi ukiwa kwenye meno kama alipokuwa mdogo. Kidole cha nne kimeanza kukunjika nusu. Cha mwisho bado.

Bila kuniangalia alisukuma kikapu cha mashati upande wangu, na kopo la vifungo, na sindano.

Sijawahi kushona kifungo maishani. Macho yangu si mazuri. Nilichukua karibu saa nzima kwa shati moja, vifungo saba. Nikampelekea. Aliliinua dirishani kwenye mwanga, akavuta kila kifungo kwa gumba. Cha tatu kikalegea. Akachukua wembe, akakata uzi, akakitoa, na kile cha tano pia. Akaniwekea shati mkononi.

"Rudia," akasema.

Nikarudi kwenye benchi nikatafuta tundu la sindano.